Vyondo Ishirini na Sita Juu ya Ua

Wawira wangu,

Sasa ni saa tisa na nusu mchana. Umeenda Runyenjes kusukwa nywele, na ninavyomjua yule msusi na umbea wake, hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Baba yako amelala kitini na redio kifuani. Nimepata nafasi ya kukaa na kalamu, na nataka kuitumia kabla ujasiri haujaniishia.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kutokopesha majirani wa nyumba ya kupanga, baba yako ameyaandika kwenye karatasi yake, kurasa mbili nzima. Utazisoma kesho njiani kwenda Meru ucheke. Mimi nina jambo moja tu. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiembu chetu nimekizungumza maisha yangu yote lakini sijawahi kukiandika. Shuleni tulichapwa tukikitumia hata kuomba ruhusa ya kwenda choo. Na naliandika badala ya kulisema kwa sababu nimejaribu kulisema tangu Jumatatu, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nimeliona gunia.

Jumatatu asubuhi, ulipokuwa bado umelala, niliingia stoo kutafuta maharagwe ya mbegu. Nyuma ya mahindi, chini ya turubai la zamani, nikakuta vyondo ishirini na sita. Nilikuwa navijua kimoja kimoja. Kile chenye mistari ya rangi ya udongo ulikifumua mara tatu mwezi wa nne. Kile kidogo ulikimalizia hospitalini tukimsubiri baba yako atolewe plasta. Ulienda maonyesho ya Meru na vyondo thelathini, na Jumapili jioni uliposhuka kwa pikipiki ulikuwa mikono mitupu. Nadhani ulimwambia yule wa pikipiki aliteremshe gunia kule nyuma ya choo kwanza. Akili unayo, hilo sikukatalii.

Nilipokuuliza maonyesho yalikuwaje, ulinijibu ukitazama kuku: "Mum, si uliona status? Vyondo ziliisha zote. Watu wa Meru walizipenda sana." Ndiyo, nilikuwa nimeiona kwenye simu ya Ruguru, jirani yetu. Picha ya meza tupu na maneno yako: "Zimeisha zote, asanteni Meru!" Halafu ukasema umeshiba, wewe ambaye hujawahi kukataa sahani ya mukimo tangu uzaliwe.

Usidhani nilikasirika. Niliketi juu ya mahindi nikacheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikalirudisha turubai kama lilivyokuwa. Nilijiona mimi mwenyewe ndani ya lile gunia, nikiwa na miaka thelathini na moja na kichwa kigumu kuliko chako.

Sijawahi kukusimulia haya. Ulikuwa darasa la kwanza wakati huo. Kikundi chetu cha kusuka kilikuwa na akina mama kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza kiondo mbali na soko la Kanja. Nikasikia kuna maonyesho Embu mjini. Nikajigamba mtoni tukifua nguo, nikasema nitakwenda na vyondo vyangu kumi na vinane na sitarudi hata na kimoja. Mtu asijigambe mtoni, Wawira, maana kila mwanamke wa mtaa yuko pale na hana la kufanya ila kusikiliza.

Nilisimama siku mbili. Unajua mwenyewe ilivyo. Mtu anakuja, anakivaa kiondo begani, anajipiga picha, anakirudisha mezani kama anayerudisha kikombe cha watu. Mwingine anakigeuza ndani nje akitafuta kosa, akilikosa anasikitika. Bibi mmoja mwenye kofia aliniuliza kama ni cha China. Na wote, bila kubakisha mmoja, wakiondoka wanasema, "Nitarudi." Hadi jioni nilikuwa nimejaa watu wa kurudi. Niliuza vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilinunuliwa na mke wa binamu yangu Nyaga, ambaye alikuwa akinihurumia na hakujua kuficha.

Vile kumi na vitano nilivipeleka kwa huyo huyo mke wa Nyaga, anayeishi hapo Embu mjini, nikamwambia anihifadhie. Nikarudi Kanja na mikono ikining'inia. Mama Mbogo alikuwa wa kwanza kunipokea. Akaniuliza, "Imekuwaje?" Nami nikasema, "Vimeisha. Kimoja kilinunuliwa na mzungu."

Huyo mzungu sijui nilimtoa wapi. Hakukuwa na mzungu hata mmoja uwanjani.

Unamjua Mama Mbogo kama yule mama anayetusalimu akiwa ng'ambo ya barabara. Ukiwa mdogo uliniuliza kwa nini haingii kwetu kunywa chai, nikakuambia hapendi chai. Sasa nakuambia ukweli. Mama Mbogo alikuwa ndiye mkono wa kikundi chetu. Wewe mwenyewe unajua kazi ngumu ya kiondo ni kitako, pale mwanzo nyuzi zinapopishana na kama hukuzikaza sawa kiondo kizima kinapinda. Sisi wengine tulikuwa tunampelekea nyuzi anatuanzishia, tunaendelea wenyewe. Hakuwahi kudai kitu. Alikuwa anaanzisha akiongea, hata hatazami vidole vyake.

Basi nilipodanganya kwamba vimeisha, wanawake wote kumi na mmoja waliingia kazini. Mvua za masika zikaja, wakawa wanasokota mkonge mapajani badala ya kupalilia. Mama Mbogo ndiye aliyezidi, maana kila mtu alikuwa anamletea nyuzi aanzishe vitako. Maharagwe yake yalimezwa na magugu nikiona kwa macho yangu. Nilikuwa napita pale kila siku kwenda kuchota maji. Ningeweza kufungua mdomo siku yoyote. Nilikuwa najiambia labda safari hii watanunua kweli, na uongo wangu utageuka kuwa kweli, na hakuna atakayejua.

Hawakununua. Tulienda sote maonyesho yaliyofuata na magunia, tukasimama siku mbili, tukarudi na magunia. Mama Mbogo akaniuliza pale pale uwanjani, kwa upole kabisa, "Wale walionunua vyako, mbona siwaoni?" Nikamjibu, "Labda wamesafiri." Uongo wa pili huo. Nikuambie kitu kuhusu uongo wa pili: hata hausumbui kuutoa. Unatoka wenyewe.

Ukweli uliletwa na vitunguu. Mke wa Nyaga alitutembelea mwezi wa nane, akaja na vitunguu ndani ya kimoja cha vile vyondo nilivyomwachia. Mama Mbogo alikuwa ameketi kwangu. Akakichukua kile kiondo, akamwaga vitunguu mezani, akakipindua na kukitazama kitako kwa muda mrefu. Akasema, "Hiki nilikianzisha mimi. Uliniambia kilinunuliwa na mzungu." Na mke wa Nyaga, maskini, akidhani anasaidia, akasema viko vingine kumi na vinne kwake, vingine ameweka makaa.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Kila nyumba nilipeleka kiondo cha maharagwe, hayo hayo machache niliyokuwa nimevuna. Unajua kwetu ukiletewa kitu ndani ya kiondo unakirudisha kiondo na chochote ndani, hata kama ni ndizi mbili, ili mwenzako ajue mko pamoja. Wengine walirudisha vyangu na viazi, na unga, mmoja na matusi na mayai sita. Mama Mbogo alimwaga maharagwe kwenye debe lake, akakileta kiondo mwenyewe hadi langoni, akakiangika juu ya mwimo wa lango, kitupu. Na tangu siku hiyo hajasuka tena. Si kwamba alisema ameacha. Aliweka mkonge chini tu. Mkono ule wote, Wawira, niliuzima mimi kwa sababu niliona aibu kutembea na gunia.

Hilo ndilo kosa langu. Nimelibeba miaka kumi na sita na bado ni zito.

Sasa nisikilize, maana nataka kugombana kidogo, na si na wewe. Nataka kugombana na wale watu wa Meru. Wamekupita? Wakupite. Nani aliwapa kazi ya kupima kiondo? Mtu amekuja uwanjani kula nyama choma na kupiga picha, hajui mkonge umelowekwa siku ngapi wala rangi imechemshwa mara ngapi, halafu kwa kuwa ametikisa kichwa na kupita, wewe uje ufiche kazi ya mikono yako nyuma ya mahindi kama mtoto aliyeiba sukari? La. Hapana. Siwezi kukubali. Nimevitazama tena vile vyondo leo asubuhi, kwenye mwanga. Kile cha mistari ya udongo ni kizuri kuliko chochote nilichowahi kusuka. Si maneno ya mama. Nina jicho, na jicho langu halina huruma, muulize baba yako kuhusu kabati alilotengeneza.

Kutouza kunauma. Sitakuambia hakuumi. Kunauma kuanzia asubuhi ya siku ya pili, pale unapopanga meza upya ukijua kabisa kwamba kupanga sio shida. Miguu inauma, uso unauma kwa kutabasamu, na jirani yako mwenye kuuza vyombo vya plastiki hana hata nafasi ya kunywa maji. Mimi nimeenda maonyesho tisa tangu yale ya kwanza. Mazuri yalikuwa manne. Katika yale matano mabaya nilifanya hivi: nilifunga mizigo yangu saa ile ile ya kufunga, sio mapema, na sikumshushia bei yule mjanja anayesubiri mpaka umechoka ndipo aje. Nikarudi Kanja mchana kweupe, nikashukia sokoni katikati ya watu, nikavibeba vyondo vyangu mgongoni nikipita kila kibanda. Wakiniuliza, nasema, "Havikuuzwa." Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Mara ya pili haikutetemeka. Mara ya tatu mwenye bucha akasema, "Leta kimoja basi, mke wangu anakitaka." Baba yako siku hiyo akanishauri nijaze vyondo viazi niuze viazi, kiondo kiwe nyongeza. Sikumpa chakula cha jioni.

Ningeweza kukuachia hapo, ukaondoka kesho na siri yako, na mimi nikavitoa vyondo polepole kimoja kimoja bila mtu kujua. Jumatatu na Jumanne nilikuwa nimeamua hivyo hasa. Wewe ni mwanangu, nani angenilaumu? Lakini jana Ruguru alikuja.

Alikuja anang'aa. Akaniambia, "Mama Wawira, mimi nimeachana na majani chai. Nimeambia mwenye shamba asinihesabu kuanzia next week. Kama Wawira ameuza thate, thelathini nzima, kwa siku mbili, mimi ni nani nishinde nikichuma chai na mvua?" Nikamuuliza kama ameshafikiria vizuri. Akacheka. "Si ni wewe ulitufundisha?" Na hayuko peke yake. Amewakusanya wasichana sita, wanataka kuagiza mkonge mwingi kutoka upande wa Mbeere, na wamepanga kuja hapa kwetu kesho saa moja asubuhi, kabla hujaondoka, uwaeleze ulivyofanya. Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Nilifungua mdomo, na sikusema. Miaka kumi na sita, na bado sikusema. Nimekuambia hilo ili ujue sikuandikii kutoka mahali pa juu.

Ruguru ana mtoto wa mwaka mmoja na ile chai ndiyo inayomlisha. Hayo ndiyo magugu ninayoyaona sasa nikipita.

Kisha kuna Mama Salma. Alikupa kazi kwenye duka lake la vitambaa pale Meru mjini kwa sababu alikiona kibanda chako uwanjani Jumamosi asubuhi, na Jumapili akaiona ile picha ya meza tupu. Ulinisomea ujumbe wake wewe mwenyewe: "Msichana anayeuza hivi namtaka dukani kwangu, inshallah." Naelewa hofu yako. Ukisema ukweli labda atakuambia usije. Mimi nataka uende, Wawira. Nimekushonea hata shuka. Lakini utasimama vipi nyuma ya ile kaunta kila siku ukingoja siku ambayo vitunguu vitaletwa? Mpigie kabla hujapanda gari. Mwambie uliuza vinne kati ya thelathini, na ulisimama siku mbili bila kukaa, na ukawasalimu wote waliosema watarudi. Mfanyabiashara wa miaka mingi kama yule anajua siku mbaya ni nini. Kama hajui, basi duka lake halikufai, na uje nyumbani, kitanda chako sijakiahidi mtu.

Sasa jambo ambalo utanikasirikia. Ulipoondoka tu kwenda kusukwa, nililitoa gunia stoo. Nimevitundika vyondo vyote ishirini na sita juu ya ua, upande wa barabara, kuanzia langoni mpaka kwenye ule mparachichi. Utakuwa umeviona kabla ya kuisoma barua hii. Nilitaka kukuomba ruhusa, nikakumbuka ninavyojijua, kwamba nikiomba nitasita, na nikisita nitanyamaza tena. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe, lakini vinapendeza sana jua likivipiga. Watu watatu wamesimama kutazama. Baba yako alitoka, akavitazama, akarudi ndani kuvaa shati safi, sijui kwa nini.

Mama Mbogo alipita saa nane. Alikuwa ng'ambo kama kawaida. Akasimama, akavuka. Tangu siku ya kile kiondo kitupu hajawahi kuvuka. Akaenda kwenye kile cha mistari ya udongo, akakipindua, akapitisha kidole kwenye kitako.

"Nani alianzisha hiki?"

"Wawira."

Akakitazama tena. "Kwani havikuuzwa? Ruguru anasema viliisha."

Nilihisi ulimi ukienda njia yake ya zamani. Nikaushika. "Havikuuzwa," nikasema. "Viliuzwa vinne tu."

Kisha akasema, "Huyo msichana awaambie wenzake mapema. Mimi sikuambiwa mapema." Akavuka barabara akaenda zake. Hakukaribia langoni, na mimi sikumwita. Lakini alikirekebisha kiondo, kikae vizuri, kabla ya kuondoka.

Ruguru na wenzake sijawaambia kitu. Wakifika watakuwa wameviona vyondo, na watakuwa na swali usoni. Kujibu ni kwako. Gari lako ni la saa tatu. Kuna la saa kumi na moja alfajiri, unalijua, na ukiamua kupanda hilo nitakusindikiza hadi barabarani, nitakukumbatia, na nitarudi hapa kuwaambia mimi mwenyewe. Sitakuchukia. Ila utakuwa umeniachia kusema kitu ambacho kingesikika vizuri zaidi kikitoka kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyesimama pale siku mbili, na vidole vyako ndivyo vilivyosuka.

Kama utabaki, amka mapema unawe uso. Usivae nguo za safari bado. Usilie kabla ya kusema. Ukitaka kulia, lia baadaye, tutalia wote, hata Ruguru. Usijitetee na usiwatukane watu wa Meru, hiyo kazi niachie mimi. Waambie idadi, waambie ulivyoficha, kisha chukua kiondo kimoja ukiweke mikononi mwa Ruguru akikague mwenyewe aamue kama anataka kusuka akijua inavyokuwa. Akirudi kwenye chai, sawa. Akisuka, sawa pia. Atakuwa amechagua akijua.

Nitasimama karibu nawe lakini sitakusaidia hata neno moja. Saa moja kamili, mwanangu, uwe umesimama nje mbele ya kazi yako, kichwa juu, watu wakifika wakukute hapo.

Mimi niliyekuzaa na kukufundisha kusuka, na kudanganya pia, bila kujua,

Mama yako